Sikuifuta Pemba

Profesa aliyenisimamia alikuwa mtu mpole, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma zaidi. Alizipitia karatasi zangu ofisini kwake, pale chuoni Dar es Salaam, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, kazi yako nzuri. Kinachoiharibu ni Pemba."

"Inaiharibu vipi, Profesa?"

"Mikoa yote inafuata mstari. Pemba peke yake imekataa. Itoe."

Aliniita mwalimu kwa sababu ndiyo kazi niliyoiacha nyuma. Nilikuwa nasomesha jiografia na hesabu katika sekondari moja Wete, nikapewa ruhusa ya kwenda kusoma shahada ya pili. Nilitaka kujua kwa nini watu wa mkoa huu hutoka wakaenda mkoa ule na si mwingine. Wataalamu wa mambo hayo wana chombo wanachokiita modeli ya mvutano, wamekiazima kwa wanafizikia. Kanuni yake haina uchawi. Penye watu wengi huvuta watu, na kadiri panavyokuwa mbali ndivyo mvuto unavyopungua. Unachukua idadi ya watu wa huku, unaizidisha kwa idadi ya wa kule, unagawa kwa umbali, na unapata kisio la watakaohama.

Kwa Shinyanga na Mwanza ilikubali. Kwa Morogoro na Dar es Salaam ilikubali mpaka nikaipenda. Kwa Pemba ikagoma. Mlinganyo ulidai kwamba watu wetu wamiminike mjini Unguja, maana ni karibu, na serikali ni moja, na wanaobaki wavuke kwenda Tanga. Mombasa, ikiwa nchi ya watu, ilistahili wachache sana. Takwimu chache nilizokuwa nimezipata zilisema kinyume. Watu walikwenda Mombasa kama wanaokwenda kwa mjomba.

"Basi kama kuitoa hutaki," Profesa akasema, "iunganishe na Unguja. Andika Zanzibar, iwe nukta moja kwenye ramani. Nani atauliza?"

"Nitauliza mimi."

Alicheka. Alidhani natania. Nilipobaki nimemtazama akaacha kucheka. Nilimwambia kwamba mimi nimezaliwa Micheweni, juu ya mawe, mahali ambapo jembe likigonga ardhi linatoa cheche, na kwamba nusu ya niliosoma nao madrasa hawapo tena pale. Nikiwaingiza ndani ya nukta moja na Unguja, kutoka kwao hakutaonekana kabisa. Atakayeisoma tasnifu yangu ataamini kwamba hakuna aliyetoka.

"Hisia hizo," akasema.

"Hisia au si hisia, wameondoka."

Alivaa miwani yake. "Haya. Nenda kalete sababu. Lakini ukirudi mikono mitupu, utaitoa, na hatutabishana tena."

Nikarudi nyumbani kutafuta sababu.

Nilifika katika mwaka mbaya kuliko yote kwa mtu anayetaka kuuliza nani anaishi wapi. Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi, na kwetu vyama vilikuwa vimeingia mpaka jikoni. Kulikuwa na duka la hawa na duka la wale, na mtu wa upande huu akifa, wa upande ule hawendi kuzika. Sasa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa unakaribia. Ili uandikishwe ilibidi uwe mkaazi, na kauli ya sheha, kiongozi wa serikali katika kila shehia, ilikuwa na uzito katika kusema huyu mkaazi na yule siye. Sheha akisema hakujui, hata kama ulizaliwa mlango wa tatu kutoka kwake, hujulikani.

Nilikwenda kwake na kibali changu kutoka juu. Alikuwa mzee mwenye heshima zake, kanijua tangu sijavaa buibui. Tuliamkiana vizuri, akanikaribisha kwenye mkeka barazani, akaisoma ile karatasi mpaka mwisho.

"Unataka kujua nani anaishi hapa na nani kaondoka."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mwaka hunu ndio ulioona unafaa."

"Ndio ruhusa yangu ilipotoka."

Akaikunja karatasi taratibu. "Sikukatalii. Mie nitakupeleka nyumba kwa nyumba, watu wakuone uko na mie. Na weye ukimaliza, unambie nani hayupo. Tusaidiane."

"Hapana, Mzee."

"Hapana nini?"

"Sitakwambia. Anayenijibu ananijibu mimi. Sikuja kukuchujia wapiga kura."

Maneno yalikwisha kutoka na sikuyataka yarudi. Kwetu mtoto wa kike hamjibu mtu mzima hivyo, tena barazani kwake, tena na kahawa yake mkononi. Alininyooshea kibali changu.

"Basi mie hunioni mlangoni kwa mtu. Nenda peke yako, tuone nani atakufungulia."

Alidhani ameniadhibu. Siku ya pili tu nilijua kwamba kanifanyia hisani. Habari ilikuwa imenitangulia: mwalimu kagombana na sheha. Nyumba ambazo zingefunga milango lau angekuwa pamoja nami zilinifungulia kabla sijabisha hodi. Wanawake waliokuwa wakianika mwani waliniita wenyewe nikae, wakanijibu huku wanaugeuza juu ya mawe na harufu yake imetuzunguka sote. Bibi mmoja aliniambia, "Hukutaka kutuuza kwake, na sie hatukufichi. Uliza."

Maswali yangu yalikuwa machache. Nani analala hapa? Nani aliyekuwa akilala hapa na sasa hayupo? Kaenda wapi? Na la mwisho nililitunga mwenyewe, halikuwamo katika kitabu chochote nilichosomeshwa: alipofika huko, nani alimpokea?

Swali hilo ndilo lililofungua watu vinywa. Huyu kapokewa na mtoto wa shangazi yake. Yule kapokewa na aliyekuwa jirani. Wa tatu kapokewa na mtu aliyepokewa na mwingine, ambaye alivuka katika zile siku za machafuko baada ya uchaguzi, watu walipoondoka na nguo walizovaa, wakafikia pwani ya Kenya. Wengi wa wale walirudi hali ilipotulia. Waliobaki wakapanga vyumba Mombasa, na kila chumba kikawa mlango wa mtu mwingine. Mjini Unguja ni karibu, ndiyo, lakini kijana wetu akifungua mdomo tu wanamjua ni wa wapi, na kazi aliyoambiwa ipo inakuwa imeshapata mtu. Mombasa hakuna aliyejali lafudhi yake. Mlinganyo wangu ulijua maili tu. Haukujua ni wapi mtu atapata mkeka wa kulalia usiku wa kwanza.

Zikabaki nyumba za upande wa sheha. Zile zilinifungia. Mama alinishauri niziache, kwani ninao watu wa kutosha. Nilikataa. Niliondoka Dar es Salaam nikimwambia mtu mzima kwamba huwezi kuwafuta watu kwa sababu wanakuvurugia hesabu. Sasa niwafute mimi? Nikaanza na nyumba ya sheha mwenyewe, saa aliyokuwa msikitini.

Mkewe alinifungulia, akaangalia njia, akanivuta ndani.

"Uliza upesi."

Nikauliza. Nilipofika kwa asiyekuwapo, aliuchezea ukingo wa kanga.

"Tunae mmoja," akasema. "Kenda Mombasa. Baba'ke hataki isemwe. Anasema mwanangu hakukimbia, kenda matembezi. Matembezi gani ya miaka, mwanangu?"

"Alipokewa na nani, Bi?"

Akanitajia mtu wa upande wa pili, upande ambao mumewe hakuwa akiusalimia. "Ndo aliyemlaza," akasema. "Mungu amlipe. Haya, nenda."

Nilitoka pale na jambo ambalo lingemnyamazisha sheha mbele ya kijiji kizima. Nilimeza. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwamba anayenijibu ananijibu mimi, na mkewe alikuwa amenijibu mimi.

Nilibisha na nyingine za upande ule mpaka nazo zikanifungulia. Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu.

Kaka yangu mdogo ni fundi cherehani. Alivuka na wale wa siku za machafuko, na yeye ni miongoni mwa wasiorudi. Alikuwa anashona Mombasa, anatuma alichonacho, anapiga simu kwa jirani mwenye simu na mama anaitwa mbio. Nilikaa mbele ya mama na karatasi zangu kama nilivyokaa kwa watu wote.

"Nani analala hapa?"

Mama alitaja: yeye mwenyewe, shangazi yangu mjane, na kaka yangu.

"Mama, huyo hayupo."

"Yupo."

"Analala Mombasa. Kwa kanuni ya utafiti, mtu akipitisha miezi sita nje ameshahama."

"Kanuni ya nani? Kitanda chake si kile pale? Shuka nafua kila Ijumaa, namfulia nani?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu modeli, uzito wa miji na umbali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mie sikuzaa jiwe likavutwa. Nimezaa mtu, akatolewa. Ukimwandika kahama, hao waliomtoa utakuwa umewamalizia kazi."

Hapo nilikwama kweli. Hoja yangu yote ilisimama juu ya watu kama kaka yangu. Kama kila mama angemhesabu mwanawe yupo, Pemba ingeonekana haikutoa mtu, na Profesa angepata nukta yake moja. Nilihitaji aandikwe kaondoka. Mama alihitaji aandikwe yupo. Na sote wawili tulikuwa tunampigania mtu yuleyule.

Nikamwandika kaondoka. Mama alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba, na siku mbili tatu zile chakula changu nilikikuta kimefunikwa kwa kawa bila ya neno. Sikufuta. Lakini niliongeza swali moja, nikarudi nyumba zote nilizokwisha kupita, ile ya sheha ikiwa mojawapo, kuliuliza: huyu aliyeondoka, nyinyi mnamhesabu wa wapi? Nilirudi kwa miguu juani huku miguu ikichunika. Nyumba zote zilinijibu kama mama. Wa hapa. Tena wengine walikasirika kwamba kuna mtu anaweza kuuliza.

Uandikishaji ulianza ningali nipo. Kaka yangu akaja. Hakutuambia, tulimwona tu kasimama mlangoni na begi, kakonda, kavaa shati alilolishona mwenyewe. Alisema anakuja kuandikishwa kwao, na akishapiga kura yake atajua angalau jambo moja hawakumnyang'anya.

Asubuhi tulimsindikiza skuli, mahali uandikishaji ulipokuwa ukifanyika. Foleni ilikuwa ndefu na polisi walikuwapo. Zamu yake ilipofika, karani alimgeukia sheha aliyekaa pembeni. Sheha akatikisa kichwa.

"Si mkaazi."

"Kazaliwa hapa!" mama akasema. Alikuwa ametoka kwenye foleni ya wanawake. "Weye umekula mbuzi wa akika yake alipozaliwa!"

"Nimekula, Bi. Lakini sheria inataka mtu aliyekaa. Huyu hakukaa." Kisha akaniona mimi, na nadhani hapo ndipo lilipomjia. "Nawe Mwalimu si upo? Weye mtaalamu wa mambo hayo, umezunguka nyumba zote. Waambie watu. Kahama, hakuhama?"

Foleni nzima ilinigeukia. Mama alinitazama. Kaka yangu alinitazama, yeye asiyejua nilichoandika.

Ningeweza kusema uongo. Ningeweza pia kumuuliza, wako je, Mzee, yuko wapi? Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilimwona mkewe kwenye foleni ya wanawake, kashika ukingo wa kanga, ananitazama kama mtu anayengoja kupigwa.

"Mzee," nikasema, "mimi naandika mtu analala wapi. Analala Mombasa, na wewe na mimi tunajua nini kilimpeleka. Lakini hukuniuliza nilichokiuliza mwisho, na mimi nitakwambia. Nimeuliza nyumba hizi zote watu wao waliotoka ni wa wapi. Zote zimesema ni wa hapa. Nyumba za pande zote mbili, Mzee. Nasema zote."

Aliniangalia. Sijui alielewa kiasi gani. Nilimwona macho yakimwendea mkewe, kisha yakashuka chini. Watu wakaanza kupaza sauti. Polisi mmoja akaniambia niondoke. Nikamwambia sijavunja chochote, nasindikiza ndugu yangu. Akaniambia tena, nikasimama palepale mpaka kaka yangu mwenyewe akanishika mkono.

Hakuandikishwa. Sheha hakubadilisha kauli siku ile wala siku ya pili aliporudi, wala ya tatu. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda kisa kimalizikie mtu akitubu hadharani, na hapakutubiwa. Lakini mara zote tatu kaka yangu alipanga foleni upya kuanzia nyuma, na mara zote tatu mama alisimama naye, na mara ya tatu waliosimama nao walikuwa wengi kuliko wenye haja ya kuandikishwa. Kisha akarudi Mombasa kwa cherehani yake. Usiku wa kuamkia safari mama alinipakulia mwenyewe, akakaa, akasema, "Umesema vizuri." Halafu akaongeza, "Lakini ile karatasi bado sijaisamehe."

Nilirejea Dar es Salaam nikaanza kuvunja na kujenga upya. Badala ya maili peke yake, niliingiza katika mlinganyo watu waliokwisha kutangulia kutoka shehia moja kwenda mji mmoja, yaani wapokeaji. Nilifanya kazi ile kwa majuma, na kompyuta za chuo zikizimika umeme unapokatika. Mwishowe Pemba ikakaa. Haikukaa juu ya mstari kabisa, lakini karibu yake, kama mikoa ya watu wengine. Profesa aliangalia, akaangalia tena, akasema, "Kumbe haikukataa. Ilikuwa haijaulizwa." Alikuwa muungwana, alipokosea alikubali.

Ugomvi ukabaki kwenye sura ya mwisho, ile ya swali la watu ni wa wapi. Siku ya utetezi wa tasnifu, mtahini mmoja kutoka nje ya chuo aliinyanyua kwa vidole viwili. Akasema modeli haina mahali pa kuweka jibu kama hilo. Si idadi, si umbali. Akapendekeza iondolewe.

"Sitaiondoa," nikasema.

"Ni ushauri wa jopo."

"Naheshimu jopo. Naomba jopo linionyeshe kosa. Kama swali limeulizwa vibaya, nitaliuliza upya. Kama majibu yamehesabiwa vibaya, nitayahesabu upya. Lakini kama kosa lake ni kwamba halienei kwenye modeli, basi modeli ndiyo ndogo. Nimekwenda kuhesabu watu ambao serikali inasema hawakai na mama zao wanasema wanakaa. Nikiandika upande mmoja tu, nitakuwa nimechagua upande, na nitakuwa nimeliita chaguo hilo sayansi."

Profesa wangu alikuwa akiangalia dirishani, na niliona anazuia tabasamu. Walinitoa nje. Nilikaa kwenye benchi ukumbini nikijiambia kwamba wakinifelisha nitarudi Wete kufundisha kama nilivyotoka, na hakuna atakayekufa.

Hawakunifelisha wala hawakunipa raha. Walinirudisha nikafanye masahihisho mengi, ambayo yalinichelewesha kuhitimu na wenzangu. Sura ya mwisho waliniachia, kwa sharti la kubadilisha kichwa chake cha habari. Nilibadilisha kichwa. Mwili haukuguswa.

Baadaye nilipata kazi katika ofisi moja ya utafiti palepale Dar es Salaam, mshahara wa maana na chumba chenye feni. Niliikataa. Wenzangu waliniambia naogopa mji, na mmoja akasema kwa mzaha kwamba mtaalamu wa uhamaji kashindwa kuhama. Nilimjibu kwamba najua vizuri kabisa nguvu inayonivuta, nimeipima mwenyewe, na siifuati.

Nikapanda boti nikarudi Wete. Mkuu wa skuli alinipa vipindi vingi kuliko vya mwanzo na darasa lenye wanafunzi waliojazana mpaka dirishani. Kaka yangu anashona Mombasa mpaka leo, ana mke na watoto wa huko, wanakuja sikukuu. Sheha yule alistaafu. Nilikutana naye sokoni Wete mwaka mmoja, nikamshika mkono, akauliza hali ya mama. Kabla hatujaachana aliniuliza kwa sauti ya chini kama katika kazi zangu huwa naona watu wanaorudi.

"Wapo, Mzee," nikamwambia. "Si wengi. Lakini wapo, na mimi mmoja wao."